MOTO USIPOTEE BURE, WALA JASHO



Sisi watu wa reli twaujua moto. Wazee wetu waliotia makaa na mafuta katika injini za mvuke waliona wenyewe: katika mafungu kumi ya moto, hata fungu moja halikufika kwenye magurudumu. Yote mengine yalikwenda hewani.

Basi na tufikiri juu ya mtambo mdogo wa Chuo Kikuu cha Princeton, nchi ya Marekani, uliowashwa mwaka 1996. Mtambo huo huunguza gesi itokayo ardhini. Gesi huzungusha turbini, na turbini huzungusha jenereta ya umeme, kadiri ya megawati 15. Turbini ndogo ikifanya kazi peke yake, ni kama theluthi tu ya moto inayogeuka umeme. Lakini pale moshi wake hautupwi ungali moto. Hupitishwa katika boila ukachemsha maji, na mvuke wake hupasha majumba wakati wa baridi, na wakati wa joto huendesha mashine za kupoza. Moto mmoja, kazi mbili.

Mwezi wa Oktoba 2012 dhoruba iliyoitwa Sandy iliwakatia umeme watu wengi sana katika jimbo lile la New Jersey. Chuo kilijitenga na nyaya za nje, kikazima umeme pasipo na lazima, kikaendelea kwa umeme wake.

Je, ni nani aliyefanya hayo? Si gesi wala chuma. Ni watu walioujua mtambo wao. Kwa hiyo tajiri anunuapo mtambo wa namna hii, akihesabu fedha zitakazookolewa, asianze hesabu yake kwa kupunguza watu wa boila. Mtambo usio na watu wanaoujua ni kama gari la moshi linaloteremka mlima bila dereva.

Tena gesi si mwisho wa safari, maana nayo hutoa hewa inayozidisha joto la dunia. Chuo kile chenyewe kimechimba visima virefu vya kuweka na kutoa joto ardhini, nacho kimejiwekea mwaka 2046 kuwa mwisho wa kuchafua hewa kwa namna hiyo. Fundi wa boila wa leo atakuwa wapi siku hiyo?

Kwa hiyo, mtambo mpya ukiletwa mahali po pote penye wanachama wetu, yatupasa kudai mambo matatu kabla ya kutia sahihi: mafunzo kwa watu waliopo, zamu zenye watu wa kutosha, na sehemu ya faida iingie katika mshahara. Anayezuia moto usipotee asiache jasho lipotee.