Atanyongwa na nani?

Nilikuwa karani wa mahakama hadi kustaafu. Maneno yaliyonichosha kuliko yote kuyaandika ni haya: "atanyongwa hadi kufa." Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, wino ukamwagika kwenye jalada. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kumtazama mtu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakikumwachia adhabu nyingine ya kumpa kijana yule aliyetiwa hatiani kwa kuua. Mama wa marehemu alikuwa benchi la pili, pindo la kanga mdomoni. Uchungu wake ninao hadi leo.

Lakini kitazameni kitenzi chenyewe. Atanyongwa. Na nani? Mle ndani kila mmoja alikuwa na cheo chake: jaji, wakili wa serikali, wazee wa baraza, askari magereza, mimi karani. Mnyongaji hakuwepo, wala hakutajwa.

Mchinjaji tunamjua. Mtaani kwetu mama humpa mtoto kuku na kumwambia, "Mpelekee babu akuchinjie." Babu hunoa kisu, humlaza kuku, hutaja jina la Mungu, mtoto anaona. Kuku wa kunyongwa ni kibudu, hatumli. Ndiyo maana wahenga wakasema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi: kunyonga ni kazi ya kificho. Tendo tunaloliona haramu kwa kuku, sheria yetu inaliagiza kwa binadamu, kisha inamtafutia mtumishi wa umma wa kulifanya, arudi nyumbani jioni ale na wanawe.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alitamka kuwa adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Hata hivyo, tangu miaka hiyo Tanzania haijamnyonga mtu. Rais Magufuli, alipomwapisha Jaji Mkuu mwaka 2017, aliomba asipelekewe orodha ya wa kunyongwa. Nilimwelewa kabisa. Anayetia saini naye ameshika kamba.

Rais yule hakutaka kusaini, jaji hamtazami anayemhukumu, na kazi yenyewe tumemwachia mtu tusiyethubutu kumtaja. Waheshimiwa wabunge, kifuteni kifungu hicho. Muuaji afungwe maisha. Na kama mnakitaka kibaki, semeni hadharani ni mtoto wa nani mtakayempa kamba.