Tusimwite Shujaa Kisha Tukalale

Kila jina la Phyllis Omido likitajwa, lazima mtu aandike "shujaa wetu", aweke emoji ya ngumi, kisha aendelee na maisha yake. Mimi nimechoka na hilo neno. Tunalitumia kama risiti: tumeshalipa, tusidaiwe tena.

Mwaka 2009 Omido aliajiriwa Mombasa, kwenye kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Ukutani mwa kiwanda ndipo mtaa wa Owino Uhuru ulipo. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Angeweza kumbeba mtoto wake akahama, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaanza kuuliza hali ya watoto wa wengine.

Mwaka 2012 polisi walimkamata, akashtakiwa kwa uchochezi, korti ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman, na sisi tukapiga makofi. Lakini makofi hayasafishi udongo. Ni mwaka 2020 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na ikazilaumu pia taasisi za serikali, NEMA ikiwemo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka 10 siku hiyo. Na risasi haingoji rufaa. Ikishaharibu ubongo wa mtoto, hakuna jaji wa kuurudisha ulivyokuwa.

Utaniambia vijana wanahitaji kazi, na viwanda ndivyo vinavyoleta kazi. Sawa, lakini hata Omido alikuwa mfanyakazi pale. Kazi inayokulipa mwisho wa mwezi na kumtia mwanao sumu katikati ya mwezi, hiyo ni mkopo, na anayeulipa ni mtoto.

Hasira yangu ni hii: NEMA ina sheria, ofisi na mishahara. Kwa nini tulihitaji mama mwenye mtoto mgonjwa ndiyo tujue kuna sumu hewani? Kila tunapomsifu mtu mmoja kwa kufanya kazi ya taasisi nzima, tunaipa ile taasisi likizo. Na sisi wenyewe tunajipa likizo pia.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuitetea, na hakikudai kwanza uthibitishe kwamba kuna aliyeumia. Yaani si lazima mwanao augue. Si lazima hata uwe na mtoto.

Kwa hivyo ule moshi unaokukohoza kila asubuhi ukienda stegi, ule mto mweusi nyuma ya ploti yenu, uliza ni wa nani na nani aliwapa leseni. Uliza kwa maandishi, na uende na majirani. Omido hana deni letu. Sisi ndio tunadaiwa.