Oveni ya Nini?

Somo mmoja kwenye kichenpati, hapa Dar es Salaam, kashika kipaza sauti akamwambia bi harusi: mwanamke asiye na oveni asijisumbue na keki, awaachie wenye majiko. Ukumbi mzima vigelegele. Nikanyamaza kwa heshima ya mwenye shughuli, tena mchango wangu nilikwisha kuutoa na pilau lilikuwa halijapakuliwa.

Sasa naomba kuuliza. Mkate wa kumimina tangu lini ukangoja oveni? Mabibi wa Unguja wanaupalia makaa juu na chini, unaumuka, unaiva, na watu wanagombania. Hawa nao hawana majiko?

Tuje kwenye keki ya chokoleti, maana hapo ndipo watu wanapojitia ujuzi zaidi. Chokoleti haipendi moto mkali. Kwenye nyuzi thelathini na kitu tu imeshaanza kulainika mkononi. Ibabue kidogo, inakuwa chungu na yenye chengachenga. Kitu chenye tabia hiyo unakisukumia nyuzi 180, halafu unalalamika keki kavu! Wakati kuna chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile chenye bakuli zito la kauri na mfuniko wa kioo, ambacho joto lake linaishia karibu na la maji yanayochemka.

Irving Naxon alipewa hataza ya chungu hicho Marekani mwaka 1940, na tangu 1971 kikauzwa kwa jina la Crock-Pot. Kwetu wachache walionacho wamekifunga kwenye maharage na makongoro, basi.

Keki yenyewe ni hivi: paka bakuli la chungu siagi. Mimina rojo la unga, sukari, kakao, beking pauda, maziwa na siagi iliyoyeyushwa. Nyunyiza juu kakao na sukari nyingine, kisha mwagia maji ya moto taratibu, na usikoroge! Tandika kitambaa safi chini ya mfuniko kinyonye mvuke, usije ukadondokea keki. Weka swichi kwenye kiwango cha juu, uende zako. Baada ya saa mbili, mbili na nusu hivi, keki imepanda juu na mchuzi mzito wa chokoleti umetuama chini. Hakuna moto mkali, hakuna kilichobabuka, na uniti moja ya LUKU haijaisha.

Watasema haitapata rangi ya kahawia. Jamani! Keki ya chokoleti ni nyeusi tangu ikiwa rojo bibichi. Mnataka iwe na rangi gani tena?

Na hizo oveni zenyewe tunazijua. Fungua ya nyumba yoyote mjini: masufuria, vikaango, mifuko ya plastiki iliyokunjwa. Imenunuliwa kwa mkopo wa kazini iwe kabati. Kibaya zaidi, kakao tunalima wenyewe kule Kyela, inasafirishwa ng'ambo ikiwa mbegu, halafu tunaletewa vipande vya chokoleti kwa bei ya kutisha na tunafundishwa namna ya kuvipika.

Basi wewe mwenye chungu chako, pakua ingali ya moto, kwa kijiko, mchuzi ukiuteka kutoka chini. Aiskrimu juu, kama umeme haukukatika jana na friji bado inagandisha.