Mashudu: Chakula Bora kwa Mwenye Kujua

Sheria iliyotolewa nchini Burundi mwezi Oktoba 2018 iliwataka wafugaji wote waiweke mifugo yao zizini daima, na ikapiga marufuku wanyama kuzurura ovyo. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujitayarisha, na mwezi Oktoba 2021 utekelezaji ukaanza. Tangu hapo, katika vilima vya Muyinga kama kwingineko nchini, hakuna tena ruhusa ya kuacha ng'ombe ajitafutie malisho njiani.

Sisi twaiona sheria hiyo kuwa ya haki. Ng'ombe mmoja aliyeachwa huru aweza kumaliza kwa usiku mmoja maharage ya jamaa nzima, na ugomvi uzukao hapo huishia mikononi mwa polisi. Hata hivyo, kuna jambo ambalo hatuna budi kulitamka waziwazi. Mnyama aliye malishoni hujichagulia majani. Aliyefungwa hula anacholetewa. Siku tulipomfungia mlango, tulijitwika dhamana ya kila kinachoingia kinywani mwake.

Twawaelekea hasa ndugu zetu wanajeshi na askari polisi. Wengi wenu mwatumia sehemu ya mshahara kununua ng'ombe, nguruwe au kuku wanaotunzwa na jamaa zenu nyumbani, na wako watakaoishi kwa ufugaji huo siku watakapovua sare. Mnyama mmoja akifa, akiba ya miezi mingi imepotea.

Ni dhahiri kwamba mabingobingo peke yake hayamtoshi ng'ombe wa maziwa. Yafaa aongezewe chakula chenye protini, na hapo ndipo yanapoingia mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta. Pamba hulimwa Imbo na Moso, nayo mashudu ya mbegu zake, zikiwa zimeondolewa maganda, yaweza kuwa na protini kadiri ya asilimia 40.

Lakini mbegu hiyo hiyo ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo ni kinga ya mmea dhidi ya wadudu. Ng'ombe mzima huimudu, kwa sababu ndani ya tumbo lake la kwanza sumu hushikamana na protini na kupungua nguvu. Hata yeye akizidishiwa kwa muda mrefu hudhurika, na dume hupungukiwa na uwezo wa kuzalisha. Ndama, ambaye tumbo hilo halijakomaa, hana kinga. Kuku hupunguza kutaga, na kiini cha yai hugeuka rangi. Nguruwe ndiye mwenye hatari kubwa: hula kwa majuma akionekana mzima, huku sumu ikijikusanya mwilini, kisha hukosa pumzi na kuanguka ghafula.

Hapo ndipo jambo la zizini linapoweza kuwa jambo la kituo cha polisi. Mwenye mali asiyejua siri hii aweza kumshuku jirani kuwa ametilia mnyama sumu, na amani ya kilima ikavunjika kwa kosa ambalo halikutendwa na mtu yeyote. Askari mwenye maarifa, kabla hajamkamata mtu, atauliza kwanza: mnyama huyu amelishwa nini miezi hii iliyopita?

Tatizo hili si la Burundi peke yake. Huko Kanada mashudu ya koliza, mmea wa ukoo wa haradali, yalikuwa na viini vikali vilivyodhuru tezi ya shingo ya mifugo. Wataalamu walichagua na kuzalisha mbegu kwa subira, na mwaka 1974 ikatolewa aina ya kwanza yenye upungufu wa viini hivyo na wa asidi mbaya ya mafuta yake. Nchini Marekani, mwaka 2018, iliruhusiwa pamba ambayo mbegu zake zina gosipoli kidogo sana. Mfugaji wa Muyinga hawezi kukaa akingojea mbegu za namna hiyo zimfikie. Silaha yake ni maarifa.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mashudu ya pamba wapewe ng'ombe wazima, kwa kipimo, yakichanganywa na majani. Ndama wasipewe. Nguruwe na kuku nao wasipewe, isipokuwa katika chakula kilichotengenezwa na wataalamu wajuao kuizuia sumu hiyo kwa chumvi ya chuma. Magunia yapangwe juu ya mbao, mahali pakavu. Na mashudu yenye ukungu, hasa ya karanga, yatupwe. Mwaka 1960 ukungu wa namna hiyo uliua zaidi ya batamzinga 100,000 nchini Uingereza, na sumu yake hupita hata katika maziwa wanywayo watoto. Wenye shaka wamwendee daktari wa mifugo. Nao wauzaji twawataka waandike juu ya kila gunia ni mashudu ya mbegu gani, na ni ya mnyama yupi.

Wazee walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Sheria imetukabidhi mnyama zizini. Kumlisha kwa akili ni sehemu ya kuitii sheria hiyo.