Mbwa mdogo naye asikilizwe

Na Rehema Mwakio

Katika nyumba nyingi za ghorofa hapa Nairobi utamkuta mbwa mdogo mwenye manyoya ya mawimbi na macho meusi. Mara nyingi ni chotara wa Maltese na Poodle mdogo, yule anayeitwa Maltipoo. Muuzaji humleta na sifa zilizokwisha kupangwa: hapukutishi manyoya, haugui, mpole, anapenda watoto. Mtoto wa mbwa wa wiki nane tayari amesemewa tabia ambayo hajapata nafasi ya kuionyesha! Mimi nashikilia kwamba mbwa huyu hatajulikana kwa jina la mchanganyiko wake. Atajulikana na anayekaa naye akamtazama kwa subira.

Urithi wa chotara haugawanywi kwa mizani. Katika uzao mmoja, huyu atatoka na nywele laini za Maltese, nduguye na vipilipili vya Poodle, na hata kimo wakapishana. Tabia ndiyo haishikiki kabisa. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000, ukaonyesha kwamba mbegu ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mmoja na mwingine.

Na hilo la kutougua tusilimeze. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walilinganisha aina tatu za machotara wa Poodle na mbegu walizotokana nazo. Kwa maradhi mengi hawakuona tofauti yoyote. Maltese na Poodle mdogo wote wawili wana udhaifu wa pia ya goti kuteguka, kwa hiyo mtoto anaweza kuupata kwa baba na kwa mama. Ukimwona anakimbia, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, kisha baada ya hatua chache anaendelea kama kawaida, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Manyoya nayo ni kweli hayapukutiki sana, lakini hayaachi kukua. Yasipochanwa hufungana mafundo nyuma ya masikio na kwapani, ngozi ikavutwa kila anapopiga hatua. Mbwa anayemng'akia mwenye kitana huenda anaumia tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mbwa mdogo anasema na hatumsikii. Amelaza masikio nyuma, anajilamba midomo na chakula hakipo, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana: hapo amekwisha kusema hapana. Mbwa mkubwa akinguruma, sebule nzima inanyamaza. Mdogo akinguruma tunatoa simu tumpige video. Mgeni anamnyanyua juu, anampitisha kwa mwenzake, mtoto anamkumbatia shingoni. Siku anapouma tunashangaa, tunamwita mkali, na kuanza kutafuta mtu wa kumpa. Watafiti wa Vienna waliwahoji wenye mbwa zaidi ya 1,200, wakachapisha matokeo mwaka 2010: wenye mbwa wadogo wana msimamo mdogo katika malezi, na hushiriki nao mafunzo na michezo kidogo kuliko wenye mbwa wakubwa. Tunawabeba mno na kuwafunza kidogo.

Jirani yangu alikuwa na mmoja aliyembwekea kila anayeingia. Alichofanya ni kuwaomba wageni jambo moja: kaeni, msimtazame, msimguse, mwacheni aje mwenyewe. Nilikaa pale nikinywa chai huku akinusa viatu vyangu, akarudi nyuma, akanusa tena, mwishowe akalala karibu na mguu wangu. Hakuna aliyemlazimisha. Nikafahamu kwamba ukali tuliomhesabia ulikuwa hofu ya kunyanyuliwa na mikono asiyoijua.

Kumsikiliza mbwa hakuondoi wajibu mwingine wa mwenye mbwa: chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, hata kwa asiyetoka nje ya mlango. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ndio mwisho wa vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu kupitia mbwa, na wa ghorofani hana msamaha.

Kwa anayetaka kununua, nasisitiza amwone mama. Kule England, tangu Aprili 2020, sheria inataka mtoto wa mbwa auzwe na aliyemzalisha, mahali alipozaliwa, akiwa pamoja na mamaye. Sheria hiyo ilipewa jina la Lucy, mbwa wa kike aliyeokolewa akiwa amechakazwa kwa kuzalishwa mfululizo. Hapa kwetu muulize muuzaji, mama yuko wapi? Omba kwenda. Tazama kama anakaribia watu au anajificha, amelala wapi, anakula nini. Na anayetaka mkutane kwenye kituo cha mafuta, mtoto yumo ndani ya katoni, usimpe pesa hata ukimhurumia yule mdogo. Wapigie KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kwa sababu mama aliyeachwa huko nyuma huenda ana mimba nyingine tayari.