Neno la Mhariri: Toba Isiyorudisha Shamba

Mwaka 853 kabla ya Kristo, mfalme Ahabu wa Israeli alikwenda vitani Karkar, huko Siria, pamoja na wafalme wenzake waliotaka kuwazuia Waashuru. Jiwe la mfalme Shalmanesa wa Tatu, ambalo leo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, linamhesabia Ahabu magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Biblia haiitaji vita hiyo hata kwa neno moja. Badala yake, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinatoa sura nzima, ya 21, kueleza jinsi mfalme huyo alivyopata shamba la mizabibu la jirani yake, Nabothi.

Toleo hili linawahusu wafalme wa Israeli na Yuda, na tumeliandaa tukiwafikiria wasomaji wa Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, Kongo, ambako kesi ya shamba huweza kuishi muda mrefu kuliko mwenye kuifungua. Hoja yetu ni moja: imani ya mtawala hujulikana kwa kile anachokubali kukirudisha.

Ni kweli kwamba vitabu vya Wafalme vinawahukumu watawala wengi kwa sanamu walizoziabudu. Lakini tazama mahali ambapo hukumu ya nyumba ya Ahabu ilitamkwa. Haikutamkwa mlimani Karmeli, mbele ya manabii wa Baali. Nabii Eliya aliitamka ndani ya shamba la Nabothi, mfalme alipokuwa ameteremka kulitwaa.

Tazama pia jinsi shamba lilivyochukuliwa. Nabothi alikataa kuliuza kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji wa Yezreeli. Mfungo ukatangazwa. Mashahidi wawili wakaletwa, kama torati ilivyoagiza, wakatoa ushahidi wa uongo, na mwenye shamba akapigwa mawe. Barua zilikuwepo, muhuri ulikuwepo, wazee na ibada pia. Kilichokosekana ni mzee mmoja wa kusema hapana.

Wakulima wetu wanazifahamu njia hizo. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya serikali, ikaahidi kwamba haki za wanaolima kwa mila zitapangwa kwa amri ya rais. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Mlima uliolimwa na mababu ukabaki bila karatasi, na mwenye pesa na marafiki mjini akaweza kupata karatasi yake, mara nyingine kwa sahihi ya chifu aliyepaswa kuulinda mlima huo. Milima mingi ya Masisi ikawa malisho ya ng'ombe wa watu wasioishi huko.

Baadaye wakaja wenye bunduki, kila kundi likisema limekuja kuwalinda raia. Nabii Samweli alikwisha kuwaonya Waisraeli waliodai mfalme kwamba atachukua wana wao, binti zao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mavuno. Mama anayetoka Walikale au Masisi na mzigo wa mihogo anaijua orodha hiyo: kuna barieri njiani, kuna salongo, yaani kazi ya lazima bila malipo, na kuna ushuru unaoitwa lala salama. Akilipa hupewa jeton, aionyeshe kesho asije akadaiwa tena. Akikosa jeton, mzigo hushushwa.

Nabothi wa kwetu hana kabila moja. Ni Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, Mnyanga, Mkumu, Mkano. Tangu mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, kila jamii ina watu waliokimbia na kukuta mashamba yao mikononi mwa wengine. Anayemtambua Nabothi katika kabila lake tu bado hajaielewa sura ya 21.

Sasa tufike kwenye toba. Ahabu alipomsikia Eliya alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga. Mungu aliiona toba hiyo, akaiahirisha adhabu. Lakini soma sura hiyo hadi mwisho: hakuna mahali panaposema kwamba shamba lilirudishwa kwa jamaa za Nabothi. Dawa ya deni ni kulipa, na Ahabu aliomboleza bila kulipa. Deni likamngojea mwanawe Yoramu, ambaye jemadari Yehu alimpiga mshale na kuamuru atupwe katika shamba lile lile.

Mkoa wetu umeona toba za namna hiyo. Mkutano wa amani wa Goma wa Januari 2008 ulimalizika kwa sahihi. Mapatano ya serikali na waasi ya tarehe 23 Machi 2009 yaliahidi kurudi kwa wakimbizi na kuundwa kwa kamati za kudumu za upatanisho. Vyeo vya jeshi viligawanywa upesi, mashamba yakasubiri. Miaka mitatu na kidogo baadaye kundi jipya likazaliwa, likajiita M23 kwa tarehe hiyo hiyo. Januari 2025 vita vikafika Masisi Centre, na Machi vikafika Walikale mjini.

Je, wafalme wote walishindwa? La. Daudi hakuweza kumrudisha Uria, aliyeagiza auawe, na hilo lilimwandama maisha yake yote. Lakini ardhi ya Sauli alimrudishia Mefiboshethi, mjukuu wa adui yake. Katika 2 Wafalme sura ya 8 kuna mama wa Shunemu, mji ulio jirani na Yezreeli. Alikimbia njaa, akakaa ugenini miaka saba, akarudi kumlilia mfalme kwa ajili ya nyumba na shamba lake. Mfalme hakumuuliza kabila wala karatasi. Alimpa ofisa wa kumsimamia, akaagiza arudishiwe vyote, pamoja na mazao yote ya shamba tangu siku aliyoondoka. Huyo mama angeweza kuwa mkimbizi yeyote wa Masisi.

Walikale ina somo hilo katika urithi wake pia. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, mwami Shemwindo anajaribu kumuua mwanawe mchanga, anashindwa, anakimbilia kuzimu. Anaporudishwa, anasimama mbele ya watu wake, anataja ubaya wake, kisha anamkabidhi mwana utawala aliokuwa akimnyima. Kwa Wanyanga, kukiri na kukabidhi vilikwenda pamoja.

Makala zinazofuata zinamchunguza Sauli na visingizio vyake, Rehoboamu aliyedharau ushauri wa wazee, na Yosia aliyekubali kusahihishwa na kitabu. Tunaomba zisomwe pamoja na 1 Samweli sura ya 12, ambapo Samweli mzee anasimama mbele ya taifa, anauliza amechukua ng'ombe wa nani na amepokea rushwa kwa nani, na anaahidi kurudisha.

Mzee wa kijiji anayeletewa barua yenye muhuri juu ya shamba la jirani yake ana haki ya kukataa kutia sahihi. Na sisi wa makanisani, tunaowaombea mwami anayesimikwa, kamanda anayeweka silaha chini na mheshimiwa anayetoa shukrani, tuna wajibu wa kuwauliza swali la Samweli hadharani, kabla ya kuwawekea mikono. Baraka bila swali hilo ndiyo mfungo wa Yezreeli.