Kununua kamera bila kufikiri ni kupoteza fedha

Mwaka jana nilialikwa kuhudhuria mahafali ya shule moja ya msingi huko Ilongero, mkoani Singida. Mwalimu mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa amejitolea kuwapiga picha wanafunzi. Shingoni alikuwa na kamera mpya ya dijitali aina ya SLR, yaani ile yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa. Aliinunua kwa mkopo ambao atakatwa mshahara mwaka mzima kuulipa.

Kwa sababu ya upepo na vumbi la kiangazi, sherehe ilihamishiwa darasani. Jioni picha zilipotazamwa, zaidi ya nusu hazikufaa. Watoto waliokuwa wakipokea vyeti walionekana kama vivuli vinavyokimbia. Mama mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka kitongoji cha mbali aliomba kuiona picha ya mwanawe. Ilikuwapo, lakini uso haukutambulikana.

Ndugu msomaji, kosa hili halikuwa la mwalimu yule peke yake. Aliyemuuzia kamera alimsifia wingi wa pikseli na upya wa mtindo, wala hakumwambia neno lolote juu ya lenzi. Mwalimu akamaliza fedha zake zote kwenye bodi, akaondoka na lenzi ndogo iliyofungwa pamoja nayo katika sanduku. Watumishi na walimu wengi wanaotaka kununua kamera yao ya kwanza hunaswa katika mtego huo huo. Yafaa basi jambo hili lizungumzwe waziwazi.

Kamera hukusanya mwanga, na mlango wa mwanga huo ni lenzi. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na bodi, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho tundu lake hufunguka kwa kipimo cha f/5.6 tu. Lenzi isiyovutika yenye kipimo cha f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Maana yake ni kwamba picha iliyohitaji muda wa 1/15 ya sekunde yaweza kupigwa kwa 1/125. Katika muda wa kwanza mtoto anayetembea huwa ameshasogea. Katika muda wa pili hunaswa akiwa ametulia. Darasani Ilongero, tofauti hiyo ndiyo iliyomnyima mama yule picha ya mwanawe.

Wako watakaosema kwamba mwenye fedha kidogo hana haja ya kamera, kwani simu yatosha. Hoja hiyo ina ukweli kwa picha za mchana na za karibu. Lakini anayetaka kupiga mchezo wa mpira akiwa pembeni mwa uwanja, au uso wa mzee katika nyumba yenye dirisha dogo, au picha ya kuchapwa na kutundikwa ofisini, hataridhika na simu kwa muda mrefu. Wengine watasema kwamba kamera za SLR zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba viwanda vimegeukia kamera zisizo na kioo. Kampuni ya Canon ilitamka mwaka 2021 kwamba EOS-1D X Mark III ndiyo itakayokuwa SLR yake ya mwisho ya daraja la juu. Lakini mabadiliko hayo ndiyo yanayomsaidia mnyonge, kwa kuwa wenye uwezo wanauza za zamani, nazo bado ni nzima. Tena kamera hizi hazili umeme sana. Nikon D3500 ya mwaka 2018 ilipimwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja. Mahali ambapo umeme hukatika, hilo si jambo dogo.

Wala tusione haya kuanza na kamera iliyokwisha tumika. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni kwa kisanduku cha Box Brownie kilichokwisha tumiwa na mwingine. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu. Jicho lake lilikomaa kwa kazi, na vyombo bora vilifuata baadaye.

Basi mwenye fedha kidogo na afanye nini?

Kwanza, ajiulize atapiga picha gani. Anayetaka picha za darasani na za mikutano ya ndani anahitaji lenzi yenye tundu kubwa. Anayetaka ndege wa Ziwa Singidani anahitaji lenzi ndefu, naye asidanganywe kwamba lenzi moja hufanya yote vizuri.

Pili, agawe fedha zake kabla ya kuingia dukani. Bodi isimeze zaidi ya nusu. Inayobaki inunue lenzi moja nzuri, kadi ya kumbukumbu, betri ya akiba na mfuko wa kuzuia vumbi. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina pikseli milioni 12 tu, nazo zatosha kabisa kuchapa picha ya ukubwa wa karatasi ya A4. Mwenye Nikon ndogo atafute lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8, iliyotolewa mwaka 2009. Mwenye Canon atapata ile ya milimita 50 yenye f/1.8, iliyotolewa mwaka 2015. Ila ajue kwamba katika kamera zenye sensa ndogo lenzi hiyo huona kama ya milimita 80, hivyo chumbani itambidi arudi nyuma.

Tatu, ahakikishe kwamba lenzi na bodi vinaelewana. Lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza mwaka 1987, hujilenga zenyewe katika SLR zote za dijitali za familia ya EOS. Kwa Nikon mambo ni tofauti. Bodi za D3500 na D5600 hazina mota ya kulengea, hivyo lenzi za zamani za AF zitafungika lakini itabidi uzilenge kwa mkono. Bodi za D90 na D7000 zina mota hiyo.

Nne, akague kabla ya kutoa fedha. Aulize kamera imepiga picha ngapi. Bodi nyingi ndogo za Nikon hukadiriwa kudumu picha 100,000, na idadi hiyo husomeka ndani ya faili la picha. Amulike lenzi kwa tochi atazame kama ina kuvu, hasa ikiwa imekaa miaka mingi katika unyevu wa pwani. Kisha apige picha ya ukuta mweupe ili aone madoa ya sensa.

Lipo na jambo la tano, nalo ni la ushirikiano. Si lazima kila mwalimu akope peke yake. Walimu wa shule moja waweza kuchanga, wakanunua bodi moja iliyotumika na lenzi mbili, wakaweka daftari la kuazimia na mtu mmoja wa kuvitunza. Kamera hiyo itapiga mahafali, itapiga darasa jipya linapojengwa, itapiga wazee wanaojua habari za kijiji kabla hawajatutoka. Kumbukumbu hizo zikikaa shuleni, watoto wa kesho watajua walikotoka.

Mwalimu wa Ilongero hajakata tamaa. Ameamua kuitunza bodi yake na kuweka akiba kwa ajili ya lenzi. Lakini mtoto yule amekwisha kumaliza shule, na mahafali yake hayatarudiwa. Hatuna budi kujifunza kabla ya kununua, maana deni la kamera laweza kulipwa, bali picha iliyokosekana hailipiki.